Barza ya Plastiki Nyumbani kwa Seremala

Jumatatu, 12 Januari

Tension ya damu 17 leo. Muuguzi wa dispensari ametikisa kichwa tena. Chumvi nipunguze, kelele nipunguze zaidi. Hasira niiandike, nisiitoe kwa mdomo. Daftari la vipimo vya wateja lina kurasa tupu nyuma. Basi naandika.

Na leo ninalo la kuandika. Mama Furaha ameagiza mbao za barza, sakafu ya mbele ya nyumba, kutoka Kampala. Mke wangu mwenyewe. Hakuniuliza. Likelemba yao, mchango wa zamu wa akina mama wa sokoni, ilipomfikia, badala ya vitenge akaagiza mbao. Na wala si mbao. Ni plastiki iliyochanganywa na unga wa mbao, wakaibana kwenye mashine na kuipa umbo la ubao.

Mimi ni seremala. Miaka thelathini na moja. Nusu ya milango ya mtaa wetu wa Lumumba imetoka mikononi mwangu.

Najua barza yetu imeoza. Miezi mitatu iliyopita mguu wa Mama Furaha ulizama kwenye sakafu hadi gotini. Nilimwambia ninangoja muvule mkavu. Ninaungoja mwaka wa nne sasa. Miaka minne si mingi kwa mtu anayejua mbao.

Jumamosi ya tarehe 31 watakuja wazazi wa kijana anayemtaka binti yetu Furaha. Ni watu wa ng'ombe, wanatoka Irumu. Mazungumzo ya mahari yatafanyika palepale barzani, mbele ya nyumba, kila mpita njia akiona. Watakanyaga plastiki nyumbani kwa fundi wa mbao. Jina langu litakwisha siku hiyo.

Jumanne, 13 Januari

Nimesusa chakula. Saa tisa njaa ikanishinda.

Alhamisi, 15 Januari

Zimefika na lori la mchana.

Nimegonga ubao mmoja. Hauna sauti. Nimeunusa. Harufu ya kandambili mpya. Rangi ni ya kahawia, na wamechora mistari ya kuiga mishipa ya mti. Mistari ileile kwenye kila ubao! Kuna mti gani duniani uliozaa mapacha hamsini? Huu ni uongo, tena uongo wa kivivu.

Halafu huo unga. Unga wa mbao ninaufagia kila jioni, nawapa majirani wanaofuga kuku. Mtu ameokota takataka za karakana, atelye kama yangu, amezichanganya na mabeseni yaliyopasuka, ananirudishia nyumbani kwangu kupitia kwa mke wangu.

Jirani anayeuza mafuta ya mawese aliuliza kama nimebadili kazi. Nilicheka naye. Ndani damu ilikuwa inachemka.

Ijumaa, 16 Januari

Nimemwambia Mama Furaha sitazigusa. Akasema sawa, atamwita Kambale.

Kambale! Atelye yake ya useremala iko ng'ambo ya barabara, inatazamana na yangu na nyumba yetu. Mtu anayepiga misumari mahali panapotaka visi, yaani skrubu. Kila mteja wangu angesimama barabarani kumwona Kambale amepiga magoti kwenye barza yangu. Bora plastiki kwa mkono wangu kuliko hiyo aibu.

Nikasema nitazitandika mwenyewe. Alinimiminia chai tu. Mwanamke akishinda kisha akakaa kimya, ni mbaya kuliko akicheka.

Jumamosi, 17 Januari

Nimekwenda depo ya mbao kujaribu mara ya mwisho. Lori lilikuwa limeingia kutoka Niania. Kulikuwa na mbao za libuyu, nzuri lakini mbichi, ukizikandamiza kwa kucha zinatoa maji. Muvule mbichi pia. Halafu nyuma kabisa, chini ya turubai, mbao sita za muvule mkavu. Rangi ya asali. Nilizigonga zikaitika. Zingetosha karibu nusu ya barza, na nusu nyingine ningeitafuta wiki ijayo.

Nilizichukua kwa mkokoteni hadi atelye. Nilitaka kumwita Mama Furaha aje aone mbao ni nini. Kabla sijamwita, mteja mmoja aliyeagiza mlango wa duka akapiga simu, anauliza mlango wake utakwisha lini. Nikazipasua kwa mlango wake. Mteja hawezi kungoja.

Kwa hiyo hakuna muvule. Bahati mbaya tu.

Jumatatu, 19 Januari

Nimeanza saa kumi na mbili asubuhi, baridi bado. Nimeng'oa mbao za zamani. Muchwa wamekula upande wa chini, juu wakaacha ngozi tu. Nilizitandika mwaka niliooa. Sikupenda kuziona hivyo.

Mihimili ya chini bado imara. Ni muvule, nimeiacha ilivyo, hatua moja kati ya mhimili na mhimili. Muvule unatosha kwa nafasi hiyo, na plastiki ijitahidi.

Ndani ya furushi kulikuwa na karatasi ya maelezo, lugha sita, na michoro. Nimeikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa meza yangu ya kazi unaoyumba. Mimi sifundishwi kazi na karatasi.

Halafu nikaonyesha kazi. Kila ubao nimeubana kwa kabari, nikaugonga kwa nyundo ya mti hadi ukashikamana na mwenzake. Marehemu fundi aliyenifundisha alikuwa na wembe mfukoni. Wembe ukiingia kwenye kiungo, unang'oa na kuanza upya. Nimepitisha wembe barza nzima, upande wa nyumba hadi ukuta mfupi wa barabarani. Haukuingia popote.

Jumanne, 20 Januari

Nimemaliza. Ni nzuri. Imenikera kwamba ni nzuri.

Kambale amevuka barabara kuja kuangalia. Amepapasa viungo kwa kidole, hakupata pa kukosoa. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 24 Januari

Jua kali, mvua hakuna. Barza inachoma nyayo saa sita. Katikati ya mihimili inanesa mtu akipita. Nimemwonyesha Mama Furaha. Nimemwonyesha mara tatu. Akasema atavaa kandambili.

Jumatano, 28 Januari

Leo ni siku yangu.

Saa nane mchana Mama Furaha aliita kutoka ndani. Mlango wa mbele haufunguki. Mlango wetu unafungukia nje. Nikaja mbio kutoka atelye. Mbao tatu za mbele zilikuwa zimeinuka mgongo, zimeuzuia mlango kabisa. Nyingine pembeni zimepinda, visi mbili zimeng'oka. Ilimbidi atokee mlango wa jikoni.

Sikuficha furaha yangu. Nilimwita jirani wa mafuta. Nilimwita Kambale. Niliita wapita njia ambao hata siwajui. Nikawaambia tazameni mbao ya kiwandani, wiki moja na siku mbili, jua tu limeigusa, wala bado mvua. Nikamwambia Kambale mteja akimletea hiyo takataka aikatae. Akasema ndiyo, ameona kwa macho yake. Watu walicheka. Mmoja alipiga picha.

Mama Furaha alisimama pembeni na sufuria mkononi. Zimebaki siku tatu wageni wafike na mlango wa mbele haufunguki, na mimi nilikuwa nacheka. Naandika ilivyokuwa.

Alhamisi, 29 Januari

Leo sina raha hata kidogo.

Nilikuwa nasogeza meza ya kazi ili nipate nafasi ya kupasua mbao za dharura. Ikayumba. Nikaiona karatasi. Nikaifungua, sijui kwa nini. Labda nitafute anwani ya kiwanda niwatukane.

Kifaransa kipo, ukurasa wa pili. Na mchoro, hata mtoto angeuelewa. Mbao hizi hukua kwa joto. Kila mwisho wa ubao uachwe upana wa kidole kabla ya ukuta. Kati ya ubao na ubao, nafasi. Mihimili isogezwe karibu, nusu ya umbali niliouacha. Zaidi ya hapo zitanesa. Zikibanwa zitainuka. Wameandika hivyo hivyo. Zitainuka.

Nimesoma mara nne. Nimekasirika kwanza. Kwa nini hawakuandika kwa herufi kubwa? Kwa nini wembe, uliokuwa sahihi miaka thelathini na moja, unanisaliti kwa barza yangu? Kisha hasira ikakosa pa kwenda. Si kiwanda. Si Kampala. Si Mama Furaha. Ni mimi, na kabari zangu, na nyundo yangu.

Hakuna aliyeniona nikiisoma. Ningeweza kuichoma. Mtaa mzima unaamini ni mbao mbaya, na jina langu leo ni kubwa kuliko wiki iliyopita. Ningeng'oa yote, nikatandika libuyu mbichi, ikang'aa kwa Jumamosi moja, na baada ya hapo ikapinda polepole bila mtu kukumbuka.

Nilikaa na karatasi hiyo hadi chai ya jioni. Halafu nikampa Mama Furaha. Nikamwambia kosa ni langu.

Aliisoma yote, akaikunja. Nilingoja anicheke. Nilistahili. Nikamwuliza, kwa kuwa nilikuwa na haja ya kulaumu mtu hata kidogo, kwa nini alichagua plastiki wakati ana mume seremala. Alijibu polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Sikuchagua plastiki, Papa Furaha. Mbao yako iko muzuri kuipita. Lakini mbao yako haifikake huku kwetu. Ile ya muvule ya juzi, niliiona inapita pa mukokoteni. Nilijua iko ya mulango ya mutu."

Mbao sita. Aliziona.

Ijumaa, 30 Januari

Kabla ya kazi nilivuka barabara kwenda kwa Kambale. Hatua kumi na tano. Nilimwambia nilichosema juzi si kweli, mbao hazina kosa, mimi nilizibana. Nilimwambia mbele ya mteja wake, maana mbele ya watu ndiko nilikosema uongo. Nilidhani atafurahi. Labda alifurahi. Lakini alichouliza ni kama anaweza kuiona karatasi, kwa sababu kuna mtu wa Niania anataka barza ya namna hiyo. Nikampa. Alipofika mahali pa nafasi ya kidole alisoma kwa sauti, akaniangalia.

"Hata miye ningekaza, muzee. Nani anaacha shimo pa kazi yake?"

Ni neno jema, na liliniuma.

Kisha nimeng'oa barza yote. Nimekata ncha za mbao. Nimeongeza mhimili kati ya kila miwili, na kwa ajili ya mihimili hiyo nimepasua kitanda changu cha libuyu nilichokuwa nimekiweka dirishani kuvuta wateja. Nimeacha nafasi ya kidole pande zote. Mkono wangu ulikataa. Kila nilipoacha nafasi, mkono ulitaka kubana. Nimekuwa kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza, tena kwangu, tena mtaa ukiangalia. Yule aliyepiga picha amepita tena. Nilimsalimia.

Mlango unafunguka.

Jumapili, 1 Februari

Jana wageni walikuja na wakaondoka. Ng'ombe walizungumzwa, wakapandishwa, wakateremshwa, mambo yameenda vizuri. Baba wa kijana aliuliza hii ni mbao gani. Nikamwambia ni plastiki na unga wa mbao, mke wangu ndiye aliyeileta. Akatikisa kichwa, akaendelea na habari za ndama.

Leo baada ya misa nimekaa kwenye kiti barzani, sina kazi. Mama Furaha amepita akitoka ndani na beseni la maharagwe, kichwa juu, anaongea na jirani ng'ambo ya ukuta. Amepita moja kwa moja hadi kwenye ngazi.

Kulikuwa na kitu kigeni kwenye mwendo wake, nikashindwa kukijua. Akarudi ndani, akatoka tena na kisu. Moja kwa moja tena.

Ndipo nikaelewa. Miaka yote hii alikuwa anatoka mlangoni, anaenda kidogo kushoto, hatua ndefu, kisha kulia, hatua fupi. Hata akiwa na maji ya moto. Hata akiwa amembeba mtoto wa jirani. Alikuwa anaruka mbao zilizooza. Mimi, fundi, nilidhani ndio mwendo wake.