Shikamoo Iliyobaki Kwenye Mashine ya Mabegi

Nyumba ya mwisho,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, tarehe 14, baada ya kuanua nguo.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, nazo ni nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. U hali gani? Mgongo je, bado unakukamata ukiinama? Na kifua cha wifi yangu, baridi ya huko imemwachia? Watoto wanakula? Nauliza yote kwa mpigo kwa sababu simu zangu hupokei, na maswali yamenirundikania kama nguo za wateja mwisho wa juma.

Sisi huku ni wazima, wa kusukuma siku. Miguu yangu inavimba jioni, lakini pasi inashika moto na wateja hawajanikimbia, basi nashukuru. Mwandiko utanisamehe. Mkono huu umezoea pasi, kalamu unaiona mgeni.

Barua hii anakuletea fundi mwenzako, yule mrefu. Jana alipita kuaga, nikamwambia apitie tena kabla hajasafiri, nina bahasha ya kumpa. Unajua alichofanya? Alilimwaga begi lake hapa hapa kibarazani, akageuza mifuko yote nje, soksi zikatawanyika, akasema, "Dada, kwa yaliyompata nduguyo, mimi pale nafika sina hata sindano." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikiwa pale pale chini kicheko kikaisha, nikaanza kulia, na yeye masikini akawa anaokota soksi zake hajui aangalie wapi. Ndiyo hali yangu siku hizi, mdogo wangu. Nimechoka. Uchovu wenyewe si wa kulala ukaisha.

Sasa niingie kwenye lililonikalisha. Nitayarudia unayoyajua, na sina nia ya kukuumiza, ila mimi siwezi kusimulia kitu kuanzia katikati.

Ijumaa ile ulimsindikiza kaka yetu kupeleka mauzo ya duka lake la mbao benki. Bastola yake ya kibali huwa anaivaa kiunoni, lakini tumbo la kaka limekua na kiti cha gari kimebaki kilekile, ikawa inamchoma ubavu. Akaifungua, akaizungushia kitambaa cha kufutia vioo, akaitumbukiza kwenye begi lako lililokuwa katikati yenu. Wewe ulimwona. Benki hawaruhusu kuingia nayo, ikabaki garini. Mlipotoka mlianza ule ubishi wenu wa nani alikuwa kipa hodari utotoni, mkarudi mnacheka njia nzima. Kaka akajua ameirudisha kwenye sanduku la chuma. Wewe ukajua kaka ameichukua. Jumatatu ukalitia begi begani ukaenda zako uwanja wa ndege, na mimi nikakusindikiza mpaka mlangoni, pale wasindikizaji tunapozuiwa, nikakupungia mkono. Nilikuona mwembamba. Hata uzito wa begi sikuuona.

Huko ndani ukamkuta mwanangu Macho amekaa kwenye kiti cha mashine ya kukagulia mabegi. Ulifurahi, najua. Ukawaambia wenzake, huyo ni binti yangu, mwangalieni. Ukamwita. Hakugeuka. Begi likaingia, na mkanda ukasimama.

Ukalala kwa polisi mpaka kaka alipoleta kibali chake na kukiri kwamba chuma ni chake. Ndege imeondoka, tiketi imeoza, na ulipofika huko nafasi yako ya kuwasimamia mafundi wa lifti walikuwa wamempa mwingine. Hayo yote nayajua. Nayabeba na mimi, usidhani uko peke yako.

Ila nakumbuka ulivyotoka pale kituoni. Shati limekunjamana, mkanda wa suruali umeushika mkononi. Nilikuletea maji, hukuyanywa. Ulisema, "Mwambie mwanao nimemsomesha vizuri." Halafu ukamgeukia kaka, ukamwambia, "Hata shikamoo hakunipa."

Lile la kwanza sikumfikishia. Lakini wifi mkubwa, mke wa kaka, unamjua mdomo wake ulivyo, neno halilali humo. Macho akalipata siku iliyofuata.

Mdogo wangu, mtoto yule ni wako kuliko alivyo wangu. Baba yake alipotutoka ni wewe uliyemshika mkono. Jina la Macho ni wewe uliyempa, siku sindano yangu ilipoanguka mchangani tukaitafuta wote watu wazima, akaja yeye anatembea kwa shida akaiokota. Ukasema huyu apewe kazi ya macho. Ukahangaika mpaka akapata mafunzo yale ya ukaguzi. Kwa hiyo nikueleze alivyo sasa, halafu utapima mwenyewe.

Siku ile alirudi akakaa ukingoni mwa kitanda na sare yake, viatu hajavua, mpaka nikamvua mimi kama alipokuwa mdogo. Kesho yake akaenda kazini, akaanza kusimamisha kila kitu. Mwavuli anasimamisha. Pasi ya nywele anasimamisha. Mwanasesere wa mtoto wa watu akafunguliwa tumbo. Foleni ikafika mlangoni na abiria wakamtukana matusi ambayo sitayaandika, barua hii huenda wifi akaisoma. Msimamizi wake akamwondoa kwenye kiti, akamweka kusukuma trei zile za kuwekea viatu na mikanda. Mimi ndiye ninayemfulia, najua: shati lake linarudi limelowa makwapa kama la mpakia magunia, na kusukuma trei si kazi ya jasho.

Mwisho wa mwezi huu anatakiwa apimwe upya kwenye mashine. Akikataa kukaa kwenye kile kiti, kazi hana. Na anakataa. Nimembembeleza, nimemfokea, nimenyamaza. Anasema atasukuma trei mpaka wamfukuze.

Naacha kidogo, pasi imepata moto.

Nimerudi. Nilifikia wapi? Ndiyo. Huyo msimamizi wake alikuja hapa kumwona, mama mmoja mpole mwenye sauti ya kukwaruza. Nilimpa kiti cha wateja akakaa, na Macho akajifungia chumbani. Tukazungumza wawili. Nilimuuliza, hivi watu wengine husahau kweli chuma kizito namna ile? Maana mimi nikipoteza kifungo cha shati la mteja sili chakula. Akasema haupiti mwezi bila mmoja. Amewahi kukamatwa mwenye hoteli. Amewahi kukamatwa mlinzi aliyetoka zamu akaunganisha na safari. Mama mmoja alikuwa na ya mumewe chini ya nepi za mtoto, wala hakujua imo. Na mzee mmoja akashikilia kwamba ni kiberiti tu, mpaka walipomwambia haya, basi, washa nacho sigara. Wote neno lao moja, nilisahau. Akasema, "Mama, na wengi wao ni wakweli." Mwishowe nikamwambia inatosha, maana kila mmoja aliyemtaja nilikuwa nakuona wewe.

Akaniambia na jingine, nilibebe au nilitupe. Kwamba kama begi lile lingepita, lingepanda na wewe, na mngeshuka nalo pamoja huko, mbele ya mashine nyingine. Ungekamatwa na watu wasiojua hata jina la mama yako. Kaka angeletaje kibali huko? Nani angekuletea maji? Tangu siku hiyo kila nikilala nakuona umekaa kwenye kile chumba cha huko, na mimi siijui hata njia.

Lakini siandiki kwa sababu ya hilo. Ungeweza kunijibu kwamba ni maneno ya kazini, wanajitetea. Naandika kwa sababu ya aliloniambia Macho mwenyewe, Alhamisi, mimi napiga pasi na yeye ananikunjia mashuka. Hakuwahi kulisema kwa mtu, hata kwa huyo msimamizi.

Mashine ile, kumbe, ina ujanja wake. Wakubwa wao wameitega. Mara kwa mara inachora picha ya kisu au bastola ndani ya begi la mtu asiye na kitu, ili kumpima aliyekaa kama macho yake yamelala. Wewe ukibonyeza kitufe cha kusimamisha mkanda, inakuandikia pale pale kwamba lilikuwa jaribio, umefaulu, begi linaendelea na mwenyewe hajui chochote. Usipobonyeza, wanakuandika wewe. Na ukishakaa kile kiti huruhusiwi kugeuza uso mkanda ukiwa unatembea, hata aite nani. Hata ningeita mimi niliyemzaa.

Sasa sikiliza. Alikusikia ukimwita. Alikusikia unavyojivunia yeye kwa wenzake, akawa anacheka moyoni, anasubiri abadilishwe aje akuamkie vizuri, akusindikize mpaka ndani. Begi lako likaingia. Alilijua, ni yeye aliyekushonea ile kamba. Akaona bastola. Unajua alifikiri nini? Nimwache aseme mwenyewe, maana nililishika neno kwa neno: "Nilijua ni jaribio, mama. Begi la Mjomba litakuwaje na bastola? Nikasema leo mashine imeokota begi la mtu wangu mwenyewe. Nikabonyeza nacheka. Nikasubiri iniandikie umefaulu."

Haikuandika.

Anasema alisubiri, akabonyeza tena, labda kitufe kimekwama. Alipoinua uso ulikuwa umeshashikwa mkono.

Mimi niliiunguza foronya ya mteja, alama ya pasi imebaki pale kama nyayo. Wewe umekaa huko unaamini mtoto alikuona akakuuza ili asifiwe na wakubwa. Na mtoto alibonyeza kwa sababu dunia nzima hapakuwa na begi aliloliamini kama lile. Angekuwa na shaka nawe hata kidogo mkono wake ungesita. Haukusita. Basi lile ndilo linalomla. Sasa haamini macho yake, wala haamini begi la mtu yeyote.

Nilimuuliza swali ambalo na wewe ungemuuliza, nisikufiche. Nikamwambia, na kama ungejua ni kweli? Akakunja shuka akalimaliza kabisa. Halafu akasema, "Ningebonyeza, mama. Lakini ningesimama kwanza nimwamkie. Waniandikie onyo wakitaka."

Ukikasirikia jibu hilo, mdogo wangu, kasirika, mimi sina nguvu ya kukuzuia. Mimi nililisikia nikakuona wewe ulivyokuwa kijana, ulivyogoma kuifungua ile lifti iliyochakaa hata mwenye jengo alipokutishia kukufukuza. Sura zenu hazifanani, ila ukaidi ni mmoja.

Kaka hajambo, ila amesinyaa. Kibali walikichukua na bastola yenyewe. Siku hizi anakwenda benki na wapakia mbao wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, watu wanamcheka kwamba anatembea kama bibi harusi. Anacheka nao, halafu akija hapa anakaa na chai yake mpaka inapoa. Anasema kosa ni la kiuno chake, na kwamba wewe na Macho mmegombana juu ya mzigo wa mtu mwingine. Mimi sigawi makosa. Nikianza kugawa sitajua pa kuishia, na nguo za watu zinangoja.

Wewe nakuomba jambo moja. Usimwombe radhi, wala usisubiri akuombe. Usimtumie kitu. Ila kabla mwezi haujaisha, kabla hawajamweka mbele ya mashine ile, nataka asikie sauti yako. Mimi nimesema mpaka maneno yangu amekwisha kuyazoea kama kelele za kiwanda hiki cha magodoro, hasikii tena.

Nisalimie wifi yangu, mwambie ile dawa ya kupaka asiipake usiku kisha akatoka alfajiri. Nisalimie mwanao Kifutio, mwambie shangazi anauliza kama bado anafuta anachoandika kabla mwalimu hajakiona. Mdogo wake mpe busu la shavuni, la kulia, maana la kushoto nilimbusu mlipokuja. Kaka anakusalimu, na wifi mkubwa anakusalimu, nimemwambia salamu tu, mengine abaki nayo.

Mungu akulinde unapopanda na unapoteremka, kazi yako ikiwa ndiyo hiyo ya kupanda na kuteremka. Akupe bosi mwenye huruma. Akurudishie usingizi, na wangu akiona vema aulete kwenye mzigo huo huo.

Ni mimi dada yako, anayekupenda hata usipopokea simu,

Mama Macho

Nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Macho ameingia sasa hivi kutoka zamu, ameiona bahasha, akauliza naandika kwa nani. Nikamwambia. Amesimama pale mlangoni na viatu mkononi, nikajua ataondoka kama anavyoondoka kila nikikutaja. Hakuondoka. Amesema, "Mwandikie shikamoo yangu."

Basi hiyo hapo, nimeiandika. Ilibaki kwenye mashine siku ile, na wewe uliidai. Mwitikie, mdogo wangu.