Shingo Yako, Mwaitu

Mwaitu mpendwa,

Uko aje, mama yangu? Umelala, umekula? Dada Mbithe anakusomea hii hapo wodini polepole, kwa sababu kwenye simu hunisikii, na nikipaza sauti ninaanza kulia. Mimi mwili ni mzima. Nyanya ninayemtunza kazini hapa Muscat pia hajambo, lakini tangu nipate habari zako, nikimwogesha ninamshika shingo kwa mikono miwili.

Mbona hukusema? Umeteleza hapo kwa shamba la mbaazi, umegonga kichwa, halafu unanyamaza! Mkaita jirani akukande shingo kwa mafuta, ati ni mshipa umeshtuka. Na kesho yake ukaweka mukwa, huo ukanda wako wa kubebea, kwenye paji la uso, ukabeba mtungi mzima wa maji mgongoni, mpaka nyumbani. Na shingo imevunjika! Daktari aliponiambia kwa simu ni mfupa wa pili kutoka kichwani, nilikaa chini sakafuni, jikoni kwa watu. Ngai, Mwaitu, ungekufa hapo njiani.

Nikamwambia, "Daktari, si umpasue tu, uufunge mfupa na vyuma, apone?" Akasema inawezekana, lakini mifupa ya mzee ni laini, skrubu zinaweza kulegea, na kuna mshipa mkubwa wa damu hapo karibu. Tena kwa presha yako na hicho kifua, hiyo dawa ya usingizi inamtia wasiwasi kuliko kisu. Wengine wakiamka wanashindwa kumeza, chakula kinaingia kifuani, wanatuacha hivyo. Nikasema basi avalishwe kola ya shingo. Akasema hata na kola mfupa unaweza kukataa kuunga, na kidevu kikatoka vidonda. Sasa mtu ashike wapi? Mwishowe akasema, "Angekuwa mama yangu, ningeanza na kola."

Wewe ulisema ni mimi Ndinda niamue, kwa sababu ninafanya kazi na wazee. Haya, nimesema kola. Mbithe alitaka upasuaji, tumegombana sana. Ninaogopa, Mwaitu. Simu ikilia ninaomba kwanza kabla sijaishika.

Kwa hivyo tafadhali hiyo kola usiivue, hata kwa kwenda kanisani. Kula ukiwa umekaa wima, umeze kidogo kidogo. Mukwa nimemwambia Mbithe auchome, na usimgombeze. Maji yatachotwa na wengine, hata kama hawachoti unavyotaka wewe.

Msalimie kaka Muthama, na mwambie afunge mbuzi wake mbali na mlango wako. Shangazi Kalunde na akina mama wa kanisa nawashukuru kwa maombi, lakini wasikukumbatie.

Na mtu akikuita kutoka nyuma, usigeuze shingo. Hata ukisikia ni sauti yangu, nimefika nyumbani, nimesimama hapo na mizigo. Usigeuke, Mwaitu. Kaa hivyo hivyo, mimi nitazunguka nije mbele yako.

Mtoto wako anayekuogopea,
Ndinda