Sahani Iliyotengwa Kasha

Nguba, tarehe 7 Februari 1999

Kwako Papa Isidore, na kwa Maman Colette aliye kando yako,

Nawasalimu kwa heshima zote za ukwe. Mmeamkaje huko Kasha? Kifua cha Maman kimetulia? Mimi naendelea, ila kwa lile mnalolijua: risasi zilizomuua mume wangu, Placide wetu, kwenye barabara ya Shabunda ziliniachia mkono mmoja, wa kushoto. Mwandiko huu si wangu. Anayeniandikia ni Maman Fabiola, ergoterapeti wa kituo hiki. Yaani ndiye anayetufundisha upya kuoga, kuvaa na kula.

Kazi yake mngeishangaa. Hakuuliza habari za kidonda. Aliuliza: asubuhi ukiamka unaanza na nini? Maji mnateka wapi? Choo cha Kasha ni cha kuchuchumaa? Nani anamwogesha Joviale? Kisha akaniwekea beseni, sabuni na blauzi yenye vifungo, akaketi kutazama. Nililia, hakunisogelea. Nilipomaliza kulia akasema, "Vizuri. Kifungo cha tatu ndicho kinachokushinda. Tutaanzia hapo." Yeye hupima anachoweza mtu kwa kumwona akikifanya, hatosheki na kusimuliwa.

Sasa anaomba kuja nami nyumbani kwenu, anione nikiishi kama siku yoyote, kabla sijarudi moja kwa moja kumlea mwanangu Joviale. Nawasihi mumpokee.

Ni mimi, mkamwana wenu,
Rosalie

Kasha, tarehe 20 Februari 1999

Binti yangu Rosalie,

Amani ya Kristo iwe nawe. Kifua cha Maman bado kinamsumbua usiku, lakini tunaishi, na kuishi mwaka huu ni utajiri. Joviale ameng'oka jino la mbele, anajigamba nalo mtaa mzima. Wewe je, maumivu yamepungua?

Barua yako niliisoma mbele ya wote. Maman Fabiola aje Jumamosi ijayo. Hata katika vita hivi, kwetu mgeni haondoki na njaa, na taabu zetu hatazijua.

Baba yako,
Isidore

Nguba, tarehe 2 Machi 1999

Papa mpendwa,

Jambo kwako, na kwa Maman. Mlilala salama baada ya milio ya bunduki ya juzi? Huku tulilala chini ya vitanda, tukaamka wote.

Safari hii naandika mwenyewe, kwa kushoto. Usizicheke herufi, mwalimu wa darasa la pili sasa ana mwandiko wa wanafunzi wake.

Nawashukuru kwa samaki na kwa kitambaa cheupe cha meza. Lakini, Papa, Maman Fabiola hakuona alichokijia. Nilipoinama kushika beseni, wifi yangu Adélaïde, aniitaye yaya kama dada yake mkubwa, alinipokonya: "Acha, yaya! Unataka mugeni aseme tuko natesa mugonjwa?" Nilipomwita Joviale nimwogeshe, alikuwa ameshaoga, amevalishwa viatu vya Pasaka. Mezani Maman Colette alinilisha kwa kijiko, nami nikafungua kinywa, kwa sababu kumkatalia mama mkwe mbele ya mgeni kungekuwa tusi. Ndipo Maman Fabiola akasema, "Samaki nimeona, Maman. Rosalie mwenyewe iko wapi?" Mkacheka wote, mkidhani anatania.

Anaomba kurudi siku isiyo na karamu. Nijibu upesi, tafadhali.

Mkamwana wako,
Rosalie

Kasha, tarehe 30 Mei 1999

Binti yangu,

Salamu. Ni matumaini yetu kwamba afya yako ni njema. Utusamehe kuchelewa, vizuizi vya askari njiani vinamkatisha mtu tamaa.

Baraza la ukoo limeketi. Wakati wa ziara ile sote tulishuhudia kwa macho yetu kwamba huogeshi mtoto wala hujilishi. Kwa hiyo Joviale atalelewa na Adélaïde. Tayari anamwita maman. Wewe rudi upumzike. Utatunzwa, hutaguswa na kazi. Sahani yako tumeitenga, maana mkono uliokubakia ni ule ambao kila mtu anajua kazi yake. Usione vibaya. Tunafanya haya kwa upendo.

Baba yako,
Isidore

Nguba, tarehe 8 Agosti 1999

Kwa baraza la ukoo. Naomba Papa Isidore aisome kwa sauti, bila kuruka neno.

Papa Isidore, mkubwa wa ukoo na katekista wetu; Maman Colette, uliyenizalia mume; tonton Stanislas, mdogo wa Papa; wifi yangu Adélaïde; nanyi watoto mliokalia mkeka: nawaheshimu kila mmoja kwa nafasi yake. Natumaini mko wazima. Kutoka kwenu hadi hapa si ng'ambo ya bahari, lakini tangu ziara ile hakuna aliyekuja kuniuliza hali, basi nami nawauliza kwa karatasi.

Mlinipokonya beseni, kisha mkanihukumu kwa kutoshika beseni. Mlinilisha, kisha mkashuhudia kwamba ninalishwa. Mimi nilifungua kinywa kwa adabu. Ninyi mkaiita adabu hiyo ulemavu.

Mmetaja kazi ya mkono wangu. Tuitaje vizuri. Chooni natumia kopo lenye mdomo mrefu. Sabuni imeshonwa ndani ya soksi na kutundikwa msumarini. Humo nasugua mkono hadi kwenye kiwiko. Ulizaneni hapo mlipo, ninyi wenye mikono miwili, nani amefanya hivyo leo. Mwaka wa tisini na sita, tulipokimbilia Walungu, mkono ule wa kulia uliokatwa ndio uliomshika Maman akitapika na kuharisha njia nzima. Hakuna aliyeutengea sahani.

Bugali nausonga. Sufuria inakaa ndani ya fremu ya mbao ninayoikanyaga kwa mguu. Nguo nazikamua kwa kuzizungusha kwenye bomba. Kifungo cha tatu kinafungika. Darasa langu nimerudishiwa, na nina chumba. Kusuka nywele za Joviale siwezi, na sitawadanganya. Nilipomlilia Maman Fabiola kwa hilo, alinijibu, "Na wewe, uliona wapi mwanamuke wa Bukavu anajisuka peke yake?" Jirani atamsuka.

Basi nimekata shauri. Jumapili ijayo, sikukuu ya Bikira Maria, baada ya misa, nitafika Kasha na sufuria yangu. Hakuna atakayenipokea mzigo. Nitapika, nitamwogesha mwanangu, kisha nitatia mkono katika sahani ya wote. Atakayeondoa wake, auondoe mbele yangu. Mkila au msipokula, Joviale ataondoka nami kabla ya jua kuzama.

Kazi yenu ni moja. Kusanyeni nguo zake, mzitandaze juu ya kitenge. Fundo msilifunge. Nitalifunga mwenyewe, nanyi mtatazama.

Mama yake Joviale,
Rosalie