Msimamizi Bado Anakusubiri Mlangoni, Baba

Ni mwaka sasa, Baba, tangu uketi kwenye kochi la mteja ulilokuwa unalimalizia, ukasema unapumzisha mgongo kidogo tu. Hukuinuka tena. Mbwa wako alikuwa amelala miguuni pako, na mpaka leo hulala pale pale, ingawa kochi lilishachukuliwa na mwenyewe.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukiongea na watu huku mdomo umejaa misumari midogo, na wateja wakiitikia tu bila kuelewa. Tunakumbuka kopo la vitu ulivyovikuta ndani ya makochi ya watu: vibanio, vifungo, soksi moja ya mtoto. Hukutupa hata kimoja. "Mwenyewe atakuja," ulisema. Kopo bado lipo.

Mbwa ulimwita Msimamizi, kwa kuwa alishinda akitutazama tukifanya kazi na yeye hagusi kitu. Mteja akilalamika kwamba kochi lake limechelewa, ulimwambia, "Mimi sina la kusema, muulize msimamizi pale."

Tulitaka leo tukupe habari njema. Hatuna.

Mguu wake wa mbele ulianza kuvimba. Tukadhani ameteguka. Uvimbe ukawa mgumu kama jiwe, akaacha kuukanyagia. Daktari wa mifugo akasema ni saratani ya mfupa, lakini kabla ya kuamua lolote lazima apigwe picha ya kifua. Msimamizi hakukubali kuguswa. Alimkenulia meno daktari, akanikenulia hata mimi ninayemlisha.

Ikabidi liletwe koti lako la kazi. Mama alikuwa amelitundika nyuma ya mlango wa karakana, halijafuliwa, lina gundi na jasho lako, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Nilipompigia simu kutoka kliniki alisema, "Koti halitoki." Akakata. Baadaye tukamwona anaingia kliniki ya wanyama akiwa amelivaa mwenyewe, mikono ya koti ikimpita vidole. Msimamizi akajilaza chini, akaweka kidevu juu ya kiatu cha Mama.

Picha ikatoka. Daktari akatueleza taratibu. Mguu unaweza kukatwa wote, na mbwa wengi hutembea vizuri kwa mitatu. Halafu kuna dawa za kuchomwa kwenye mshipa, za kuchelewesha ugonjwa.

"Lakini umeshafika kwenye mapafu," akasema. "Nikikata mguu, namwondolea maumivu ya mguu. Kifuani sina cha kukata."

Vidonge vya maumivu vipo, navyo vinazidi kushindwa. Na mfupa wenyewe unaweza kuvunjika wakati wowote, hata akiwa anajigeuza tu.

Kaka akasema, "Sasa hapo tunachagua nini, daktari?"

"Nyamaza, mwanangu," Mama akamwambia. Kisha akamuuliza daktari, "Angekuwa wako?"

Daktari alimpapasa Msimamizi sikio kwanza. "Ningemlaza asiamke tena, mama. Kwa sindano. Hatasikia kitu."

Tuliporudi nyumbani Mama alilitundika koti mahali pake. Akalinusa. Akalinusa tena kwenye kola. Lilikuwa linanuka dawa za kliniki. "Hayupo tena," akasema, akaenda kukaa jikoni bila kuwasha jiko.

Jumamosi daktari anakuja hapa. Mama atalivaa tena, maana bila koti Msimamizi hatatulia. Hatujui kama mbwa hufika huko uliko, Baba, na hatutaki kujidanganya. Tunachojua ni kwamba sisi tulishaacha kugeuka mlango wa karakana unapolia. Yeye kila ukilia huinua kichwa, akatazama, akakirudisha chini.

Wanaokukumbuka ni mkeo, mwanao mkubwa, mimi kitinda mimba wako uliyenifundisha kushona, dada zako, mafundi wenzako wa mtaani, na Msimamizi, mpaka Jumamosi.

Sisi tutakaobaki tutakukumbuka daima.