Mbwa Wetu Wivu

Mwisenge, Musoma
12 Novemba 2024

Kwa mdogo wangu mpendwa Dafroza,

Nakusalimu kwa upendo wote uliobaki katika kifua hiki kichovu. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na mwanao Benson na wajukuu hapo Butiama, na kwamba mvua zimewafikia na mahindi yameota. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea Helena usiiache kabatini. Dawa haimponyi mtu kwa kutazamwa.

Huku mimi nipo. Miguu imevimba, pumzi ni fupi, na siku hizi daktari anazungumza na Helena mlangoni badala ya kuzungumza na mimi. Nimefundisha miaka thelathini na minane, Dafroza. Nawajua watu wanaonong'ona matokeo ya mwanafunzi aliyefeli. Ila binti yangu huyo ananitunza vizuri. Nisipomaliza uji wa ulezi ananigombeza kama mtoto wa darasa la kwanza.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningefurahi kukatizwa. Leo ni siku ya nne naandika barua hii, mistari michache michache, mkono ukitulia.

Unakumbuka mlipokuja mwezi uliopita, mjukuu wangu Jenipher akatuwekea kwenye runinga ile filamu ya zamani ya familia na mbwa wao. Mbwa anapita kwenye moto, anavuka mto, anamrudisha mtoto nyumbani, na watoto wetu wote machozi. Wewe uliinuka haijafika hata nusu. Ukasema Wazungu nao kwa uongo hawajambo, mbwa ni mbwa tu, akikuchekeaga leo kesho anakula mkono. Ukapandisha mkono wa gauni ukawaonyesha kovu. Mkwe wangu Mseti akakutania kwamba siku ukikutana na mbwa barabarani, shangazi, utapanda mti na goti lako hilohilo. Nawe ukamjibu kwamba bora kuanguka mtini kuliko kuliwa, na kwamba bila kaka yako ungekuwa umezikwa kwetu Nyamuswa zamani. Watoto wakanipigia makofi. Mimi nikasingizia moyo, nikaomba nipelekwe kulala.

Halafu wiki iliyopita, Helena akidhani nimesinzia, aliacha karatasi mezani. Ulikuwa wasifu wangu, ule utakaosomwa kanisani jeneza likiwa mbele. Benson ameuandika vizuri, na sikukasirika. Mtu wa shule hujiandaa mapema. Neno marehemu lilinipita kama upepo. Kilichonikaba ni kifungu cha tatu, ambacho bila shaka ulimsimulia wewe: kwamba mwaka 1964, akiwa na miaka kumi na miwili, marehemu alimwokoa mdogo wake kinywani mwa mbwa.

Dafroza, hilo lisisomwe. Si kweli.

Wewe ulikuwa na miaka minne, kwa hiyo acha nikukumbushe. Tulikuwa na mbwa wa rangi ya majivu. Baba alimwita Wivu ili kumchoma jirani yetu Bernado, aliyekuwa anasema ng'ombe wetu wamekonda. Siku ile mama alikwenda msibani Bunda. Aliniachia wewe na ndama pale lamboni, akanisisitizia nisikuache karibu na maji hata kidogo.

Lakini padre mmoja mgeni alikuwa amekuja shuleni na mashine ya picha. Mchana ule walifunika madirisha ya darasa kwa mablanketi, wakatundika shuka ukutani. Na picha yenyewe, usicheke, ilikuwa ya mbwa shujaa. Sijui kama ni hiihii ya Jenipher. Nilikukalisha kichakani na kiazi chako cha kuchemsha, nikamwamuru Wivu akae, nikaenda. Nilidhani nitachungulia tu. Nilikaa mpaka mwisho, nikamlilia mbwa wa kwenye shuka.

Niliporudi, kiazi chako kilikuwa kinaelea. Wewe ulikuwa ukingoni, umelowa toka nywele hadi miguu, unatapika maji. Mkono wako wa kushoto ulikuwa umechanika. Kwa ule mwingine ulikuwa umeshika sikio la Wivu, hutaki kuliachia. Yeye alikuwa na tope hadi shingoni na damu mdomoni. Kwenye tope kulikuwa na mburuzo kutoka majini hadi majanini, na alama za kucha zake pande zote mbili. Hakuna aliyehitaji kunieleza.

Ningesema lambo, baba angejua nilikuacha. Kwa hiyo nilikuvua gauni, nikalikamua, nikalianika juu ya jiwe mpaka likakauka. Nikakwambia mbwa amekung'ata, kaka amemfukuza. Nikakukaririsha maneno hayo njia nzima, na wewe ukaitikia, hadi tulipofika nyumbani ukayasema mwenyewe bila kukosea. Hilo ndilo somo la kwanza nililofundisha maishani mwangu.

Baba alisema mbwa aliyeonja damu ya mtoto wa boma hakai, na anayemlisha ndiye amfunge. Aliyekuwa anamlisha ni mimi. Nilipomwita alikuja mbio, akidhani tunakwenda kwa ndama. Bernado alikuja na rungu, akamcheka baba kwamba amefuga adui akampa na jina. Nilishika kamba mpaka mwisho. Wivu hakumtazama Bernado. Alinitazama mimi.

Jioni baba alinipa nyama pamoja na wazee, akaniita mwanaume. Wewe ulipokua ukamwongezea Benson jina langu kwenye ubatizo. Kila mara nilitaka kusema, na kila mara ulikuwa unanishukuru.

Sikuombi unisamehe kwa haraka ili nife vizuri. Unaweza hata kutokuja kunizika. Ninachoomba ni kwamba ukiligusa hilo kovu, ujue ni alama ya aliyekushika asikuachie.

Kifungu cha tatu nimekifuta kwa kalamu yangu. Benson asibabaike akiona nafasi tupu. Andika hapo wewe, unavyoona inafaa, na jina la Wivu lisikosekane.

Helena, Mseti na Jenipher wanawasalimu sana. Nisalimie wajukuu, na mwambie Benson mwandiko wake bado ni mzuri. Kwa sasa acha nipumzike, uji umeletwa.

Ni mimi kaka yako,
Wenceslaus