Mchumaji Chai Kutoka Ecuador

Ogoti, nimekwisha. Usicheke kabla sijamaliza.

Unajua dada yangu Chemutai anaenda Ecuador kujitolea, kulinda vyura msituni bila mshahara. Baba alikuwa amekataa. "Na majani chai yetu nani atachuma?" Mimi, kwa huruma yangu yote, nikamwambia Ecuador hutuma mtu wa kuchuma badala yake.

Akaamini! Ogoti, akaamini!

Leo kanisa lote la Kiptere limekuja kumuaga. Maziwa ya mursik yamejaa kwa vibuyu. Baba akasimama, akawashukuru watu wa Ecuador, halafu akauliza mbele ya pasta, "Chemutai, huyo mchumaji wetu anafika lini?"

"Mchumaji gani, Baba?"

Mchumaji gani! Wageni wote wakanigeukia mimi. Sijui nani aliwaambia uongo ni wangu.

Nikadhani safari ya dada imekufa. Lakini Baba akatabasamu, akaninyooshea kidole. "Chemutai ataenda. Na mchumaji ameshafika. Yule pale, hata Kiswahili anajua."

Kanisa likapiga makofi. Mama ndiye aliyeanza.

Likizo nzima, Ogoti. Kikapu chenyewe kinanifika magotini. Huko Ecuador hakuna chura hata mmoja anayenihitaji?