Nyumba ya Majina Mawili

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na miguu imepungua kuvimba kwa kusimama saluni kutwa. Mimi mzima wa mwili tu. Simu nimeiuza, ndiyo maana naandika. Mama yangu kapooza upande wa kulia. Anaongea, lakini maneno yanatoka yamekunjamana, na akiona sijaelewa anageukia ukutani. Namlisha, namwogesha, namgeuza. Ndiyo sababu niliondoka mbiombio vile, hata kuaga vizuri sikuaga.

Sasa dada, kurudi sioni ni lini. Kodi ya Februari nililipa fungu langu, kwa hiyo nadhani na mwenye nyumba tumemalizana. Naomba umwone akupe nusu yangu ya ile amana tuliyoweka tulipopanga nyumba, unitumie. Dawa za mama ni ghali jamani, acha tu. Nusu yako ibaki, wewe bado upo.

Mdogo wako,
Sindano


16 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Marahaba. Pole sana, pole mpaka basi. Mpe mama salamu, mwambie yule msusi mwenye mdomo anamuulizia.

Nilikwenda kwa mwenye nyumba na barua yako mkononi, kifua mbele. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akavaa miwani, akatoa mkataba wetu, akanisomesha kwa sauti kama mtoto wa shule: wapangaji wawili watawajibika kwa kodi yote, kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Nikamwambia chumba kikubwa ni chako wewe fundi cherehani, kidogo ni changu, na kila mtu hulipa chake. Akasema, "Mama, hayo ni yenu huko ndani. Mimi sikupangisha vyumba, nimepangisha nyumba." Yaani ukiondoka wewe, kodi yako haiondoki nawe. Inanigeukia mimi. Na amana haigawanywi mpaka nyumba irudishwe tupu, tena isiwe na deni.

Siku ile tunasaini wewe ulikuwa unatafuta soketi ya pasi, mimi napima ukuta wa kutundika kioo. Nani alisoma? Hakuna.

Machi nimelipa yote, kwa pesa niliyokuwa nimeweka ninunue mashine ya kukaushia nywele. Aprili sitaweza. Lakini njia ipo. Mteja wangu mmoja, mfanya usafi wa benki, anakitaka chumba chako. Mwenye nyumba kakubali, ila lazima wewe utie sahihi kwamba umejitoa. Karatasi hii hapa. Irudishe upesi, nawe utakuwa huru.

Dada yako


3 Mei

Sindano,

Salamu. Mama anaendeleaje? Wewe je? Naandika nikiwa nimekasirika, na bora nikwambie kuliko nijifanye malaika. Wiki zinapita, karatasi sijaiona, wala barua. Yule mfanya usafi kachoka kungoja, kapata kwingine. Aprili nililipa nusu. Jana mwenye nyumba kapiga hodi mbele ya majirani, kanipa hadi mwisho wa Juni, la sivyo vitu vyangu nje. Vyangu, si vyako! Na hata nikitaka kuhama kabla deni halijakua, siwezi. Anasema mkataba wa watu wawili hauvunjwi kwa sahihi moja. Mdogo wangu, siwezi kukaa na siwezi kutoka. Nimekukosea nini?

Dada yako, kama bado


21 Mei

Dada,

Shikamoo, kama utaiitikia. Karatasi ilifika zamani. Sikuugua wala sikuipoteza. Nilishindwa tu kusaini.

Kila jioni mama ananiuliza habari za kazi yangu. Namwambia nyumba ipo, jina langu lipo, akisimama tu narudi mjini. Hapo ndipo anakubali kunyoosha mguu. Sasa nikijitoa nimwambie nini? Na mimi mwenyewe je? Niliona nikitia sahihi nimesema mama hatasimama, na mimi ndiyo basi tena. Nilijua unaumia, dada. Nilijua, na bado nikanyamaza. Naona aibu hadi naogopa kuandika.

Jana nilimweleza mama yote. Nilidhani atalia. Akanikazia jicho, akasema neno moja, nikalielewa mara ya kwanza: "Saini!" Kisha akasema jingine, nalo lilikuwa tusi, sikuandikii.

Hii hapa karatasi yenye sahihi, na barua ya kukuruhusu ukabidhi nyumba kwa niaba yangu. Amana yote lipia deni. Nisamehe.

Mdogo wako,
Sindano


30 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, tena marahaba mbili, ya pili ni kwa huyo mama anayetukana. Barua yako niliisomea saluni. Nilimwacha mteja kichwa nusu kimesukwa, nikaenda nyuma kulia. Ungeniambia tangu Machi! Ningefoka, ndiyo, mimi si unanijua, lakini tungehangaika wawili.

Nyumba nimekabidhi. Mwenye nyumba alikagua mpaka chini ya sinki, akakata deni kwenye amana. Kilichobaki hata kukitaja ni aibu, nacho nakutumia chote. Usibishe. Mikono yangu inafanya kazi. Yako imeshikwa na mama.

Nimepata chumba kimoja nyuma ya saluni. Mkataba safari hii niliusoma mstari kwa mstari, mwenye chumba anapiga miayo, mimi nasoma tu. Jina ni langu peke yangu. Nikishindwa kodi, hakuna atakayekufuata wewe huko. Nilipofika mwisho, kabla ya kusaini, nikamuuliza kama mgeni anaruhusiwa kulala.

"Anaruhusiwa," akasema. "Siku ngapi?"

Nikamwambia hilo sijui, atasema mwenyewe akija.

Dada yako